Uzito juu ya kifuniko haumzuii chatu

Ndugu, umeuliza uongeze uzito gani juu ya tangi, maana chatu wako mchanga katoroka mara mbili na kifuniko kilikuwa na vitabu juu. Pole. Mimi niliweka tofali zima na bado alitoka.

Nyoka hahangaiki na katikati ya kifuniko. Anapitisha pua ukingoni taratibu, usiku kucha, mpaka apagundue palipolegea. Kichwa kikipita, mwili nao utapita. Tofali langu lilikaa katikati kama mfalme, huku kona moja imeinuka kiasi cha kidole. Niliunyunyiza unga mwembamba milangoni, na usiku wa tatu nikaona mchirizi umepinda kuelekea jikoni. Alikuwa nyuma ya friji, kajikunja karibu na mota kwenye joto.

Kwa hiyo achana na vitabu. Tafuta kifuniko chenye klipu pande zote nne, au sanduku la milango ya vioo ya mbele yenye kufuli. Ile milango ya kuteleza huacha mwanya pale vioo vinapopishana. Kwa nyoka mchanga huo ni mlango wazi, uzibe. Tundu la waya pia lizibe.

Sasa joto, na hapa nakuwa mkali kidogo. Umesema mkeka wa joto umeuchomeka moja kwa moja ukutani. Uchomoe leo! Bila thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, unaweza kupanda mpaka ukamuunguza, na nyoka ana tabia ya kulala juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka. Wangu nilimgeuza nikakuta magamba matatu ya tumboni yamekuwa ya kahawia. Kihisio cha thamostati kikae pale pale anapolalia. Kile kipimajoto cha kubandika kiooni hakikwambii joto la pale anapolalia. Upande wa joto nyuzi 31 au 32, wa baridi kama 25, na kila upande uwe na maficho ya kumbana kidogo, la sivyo atachagua usalama na kuliacha joto. Ukitumia taa ndani, izungushie wavu, atajaribu kuikumbatia.

Maji yawepo muda wote. Maranda ya mwerezi usiyatumie kabisa, harufu yake ina sumu kwao.

Na huyo wa pili unayetaka kumweka naye humo humo? Hapana, mnunulie tangi lake.