Selene si mbuzi

Swali: Shikamoo, mwalimu. Jioni huwa nawatafsiria wanangu hadithi za kale za Wagiriki. Nimefika kwa Selene nikakwama. Ni "mungu mke wa mwezi", "mungu wa kike wa mwezi" au "mungu jike wa mwezi"? Zote naziona zikitumika.

Jibu: Marahaba. Andika "mungu wa kike" uendelee na hadithi kabla watoto hawajasinzia. Ningeishia hapo, lakini umenitajia "mungu jike", na hilo ni donda langu la siku nyingi.

Jike! Mtu akikuuliza "umenunua dume au jike?" unajua mara moja kwamba mnazungumzia mnadani. Simba jike, sawa. Nyati jike, sawa. Hata mpapai: dume hung'olewa, jike huachwa lizae. Sasa Selene, binti wa Hyperion na Theia, dada wa Jua na wa Alfajiri, anayekatiza mbingu usiku kwa gari la farasi wawili, naye tumpeleke zizini?

Nilipata kusoma tafsiri moja iliyosema: "Jike hilo lilimpenda mchungaji Endymion." Lilimpenda! Mchungaji, kapendwa na jike, tena lenye li-. Msomaji atawaza nini kama si mbuzi wake mwenyewe? Hadithi inasema Endymion alipewa usingizi usio na mwisho katika pango la mlima Latmos, na Selene akawa anashuka kumtazama amelala. Ni moja ya hadithi tamu kabisa za mapenzi. Lakini katika tafsiri ile, kila jike lilipoingia pangoni, mimi nilitamani mtu amwamshe yule kijana akimbie.

Na msiniambie kwamba jike ni mwenzake dume, basi hakuna ubaya. Mwite mwanamume dume, anatanua kifua. Halafu mwite mkewe jike, usubiri hapohapo nyumbani kwao.

Neno lenyewe halina kosa. Mke, kike, jike, uke: zote zina mzizi mmoja, -ke, wa Kibantu cha zamani.

"Mungu mke" nalo lina heshima yake. Biblia ya Kiswahili, katika Matendo ya Mitume sura ya 19, inamwita hivyo Artemi wa Waefeso. Zamani -ke ilikuwa sifa tu, kama ilivyobaki ndani ya "mwanamke". Siku hizi sikio linasikia ndoa. Ukiandika "mungu mke wa mwezi", kuna atakayesikia "mke wa mwezi" na kuuliza kama hiyo ndoa ilikuwa ya siku thelathini. Ukifika kwa Mama Killa, mwezi wa Wainka wa Peru ya kale, ambaye kweli alikuwa mke wa Inti, yaani jua, utawavuruga watoto kabisa.

Kwa kawaida hicho kijimkia cha "wa kike" sikipendi. "Daktari wa kike", "rubani wa kike", utadhani ndege huulizia jinsia kabla ya kuruka. Hapa nakivumilia kwa sababu kina kazi. Kiswahili kikisema "alipanda gari" hakisemi ni nani, na mwezi haukuwa wa kike kila mahali. Sin wa Mesopotamia, Khonsu wa Misri, Chandra wa India, wote wanaume.

Ila usirundike "wa" juu ya "wa". "Mungu wa kike wa mwezi" inanikumbusha "mfanyakazi wa mwezi", na picha yake imetundikwa mapokezi. Sema mara moja tu kwamba ni mungu wa kike na kwamba mwezi ni wake, kisha mwite Selene. Jina analo.

Wakiwa wengi? Mimi nasema "miungu wa kike". Anayesema "miungu ya kike" anayo Biblia mkononi yenye "miungu mingine", na nimeshachoka kugombana naye.

Ukimalizana na Wagiriki, wasimulie watoto habari za Chang'e wa Wachina, yule aliyekunywa dawa ya kutokufa akapaa hadi mwezini. Chombo kilichotua upande wa nyuma wa mwezi mwaka 2019 kina jina lake. Alikuwa mke wa Yi, mpiga mishale. Hapo andika "mke" bila wasiwasi.