Alinishika Shingo Tu

Ijumaa iliyopita, saa 5 usiku, nilikuwa namalizia kupiga pasi sare za kwaya ndipo ujumbe ukaingia. Dada mmoja, msomaji wetu wa hapa, ameandika: "Dada habari za kazi. Jana alinishika shingo tu, hajanipiga. Naomba kuuliza, hiyo nayo inahesabika?" Nikazima pasi, nikakaa chini nimjibu vizuri. Kufungua tena, ujumbe umeshafutwa.

Hilo neno "tu" limenikosesha usingizi wiki nzima, maana nalijua. Nimelitumia miaka 4 kwa mume niliyekuwa naye. Alinisukuma tu. Alirusha sahani tu, wala haikunipata. Alisema ataniua, lakini alikuwa na hasira tu.

Wengi mnanifahamu kwa mambo ya biashara. Mnaniandikia mnauliza mtaji nilipata wapi, wateja wa sendoff nawapataje, fundi akikuibia mteja unafanyaje. Leo nina vyerehani 5 na wasaidizi 3, na kwa kweli najivunia, sitajifanya mnyenyekevu. Ila sijawahi kuwaambia kwamba mji huu niliingia na begi moja na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye shuka. Leo nasema.

Habari za uchumba nitaziruka, zilikuwa tamu kama za kila mtu. Niseme tu kwamba mume huyo hakuwa mlevi. Watu wakisikia umepigwa, swali la kwanza ni hilo, "Anakunywa?" Hakunywa. Alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kwenye michango ya misiba, watoto wa mtaani wakimkimbilia. Hata mimi nilimuona hivyo, ndiyo maana kila kilipotokea kitu nilijiuliza nimemkosea nini.

Mwaka wa pili wa ndoa nilikuwa nashona gauni la lesi la sendoff. Limebaki pindo, mteja kesho yake anakuja kulichukua. Akaingia, akauliza kwa nini sikupokea simu. Nikamwambia cherehani kilikuwa kinapiga kelele. Hakufoka. Alivua saa yake, akaiweka mezani, akachukua mkasi wangu mkubwa, ule ambao sikuruhusu mtu akatie hata karatasi, akaanza kulikata lile gauni kutokea chini. Polepole. Mistari imenyooka kabisa, huku macho yako kwangu, hatazami anachokata. Alipofika kiunoni akaurudisha mkasi palepale alipoutoa, akavaa saa yake, akasema, "Siku nyingine utasikia."

Hakunigusa. Na usiku ule nilijiambia, angalau hakunigusa.

Leo nikikumbuka, kilichopaswa kunitisha si hasira yake, ni utulivu wake. Alikuwa ananionesha anavyoweza kutulia akiwa na mkasi mkononi. Baada ya hapo likaja lile neno lake alilopenda kulisema huku anacheka, hata mbele ya wageni: "Huyu akiniacha, mimi na yeye tutaandikwa magazetini." Wageni nao wanacheka. Mimi nacheka, nawaongezea chai.

Kosa langu kubwa, na ndilo ninalotaka ulishike, ni kwamba nilikuwa nahesabu makofi tu. Kofi la kwanza lilikuja mwaka wa tatu, kwa hiyo kichwani mwangu shida ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Kumbe ilianza siku ya mkasi, na pengine kabla ya hapo, pale alipotaka namba ya siri ya simu yangu ya pesa "ili tusifichane", na pale alipogombana na rafiki zangu mmoja mmoja mpaka nikabaki sina hata wa kumwomba chumvi. Vitisho vina hesabu yake. Mtu akikwambia atakuua, usimtafutie tafsiri. Mwamini.

Kofi la pili lilinipasua mdomo. Nikaenda zahanati, nesi akanitazama, akaniuliza kilichotokea, nikasema nimeanguka bafuni. Nadhani alijua. Aliniambia kwa sauti ya chini kuwa kama nimepigwa nipitie polisi nichukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, halafu akanyamaza akinisubiri. Nikarudia: bafuni. Akaandika bafuni. Yale maandishi yalikuja kunitesa. Miaka miwili baadaye, mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa, mwenzangu aliitoa ile kadi mfukoni kama mtu anayetoa turufu kwenye karata: "Someni wenyewe, aliangukia bafuni." Kwa hiyo dada, ukidanganya kila mahali, hospitali usidanganye. Kama hali ni mbaya wahi matibabu kwanza, fomu itafuata, lakini iandikwe ulivyoumia kweli.

Sasa shingo. Nakujibu wewe wa Ijumaa. Inahesabika, tena inahesabika kuliko kofi. Mimi alinikaba mara moja, labda sekunde kumi, nikaona giza. Asubuhi sauti imekwaruza, mate hayapiti, kwenye kioo hakuna alama hata moja. Nikafungua duka kama kawaida, wateja wakaniambia pole na mafua. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kukabwa mara nyingi hakuachi alama nje na bado ndani umeumia, na kwamba vidoa vyekundu kwenye macho, kizunguzungu au kumeza kwa shida ni vya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, hasa kama una mimba. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulioonesha kwamba kati ya wanawake wanaopigwa na wenza wao, aliyewahi kukabwa uwezekano wake wa kuja kuuawa na mtu huyohuyo ni zaidi ya mara 7 ya yule ambaye hajawahi kukabwa. Mara saba. Wewe unaniandikia "tu".

Nilipowaambia ndugu, kikao kikaitwa. Nikae mkekani, nieleze. Shangazi yangu, ambaye nampenda mpaka leo, akasema nivumilie, ndoa zote ndivyo zilivyo, yeye mwenyewe ana jino pengo na hajamwambia mtu. Shemeji mkubwa akakumbushia kwamba mke huchapwa kwa upande wa kanga. Jamani, wazee walimaanisha umnunulie kanga! Kikao kizima hakuna aliyelisema hilo. Mwenzangu akaomba msamaha, akaleta kitenge na kuku wawili, nikarudishwa.

Sio ndugu zangu peke yao. Ule utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania wanakubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja katika zile walizotajiwa. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Soma tena hapo. Sisi ndio tulioongoza. Na wakati huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vingine. Sheria ina umri mkubwa kuliko mimi, na kwenye kile kikao hakuna aliyewahi kuisikia.

Aliyeniokoa hakuwa ndugu. Alikuwa mama mwenye nyumba, mjane, mwenye maneno makali, ambaye mimi nilimwogopa kwa ajili ya kodi. Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba naosha damu kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, ukuta wangu ni wa tofali moja. Nasikia kila kitu." Tukapanga neno. Nikimtumia ujumbe "Mama umeiona bobini yangu?" anakuja, na haji peke yake. Niliwahi kuutumia mara moja. Haikupita dakika tano, hodi mlangoni, yeye na vijana watatu wa kijiweni, eti wamekuja kuangalia bomba linalovuja. Wakakaa wanaangalia bomba mpaka saa 6 usiku.

Kwake ndipo nilipoanza kupeleka vitu kidogokidogo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, kitambulisho cha taifa, vyeti vyangu vya shule, risiti za vyerehani. Nauli nikawa naishonea ndani ya pindo la pazia dukani. Laini ya pili nikaisajili, akawa nayo yeye mama.

Polisi nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliyemkuta kaunta aliniambia mambo ya mume na mke mkayamalize nyumbani, nikageuza. Usigeuze kama mimi. Omba upelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, waliopo pale ndiyo kazi yao, na usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Mara ya pili nilifanya hivyo, nikiwa na mama mwenye nyumba pembeni, nikakutana na askari wa kike aliyeandika kila kitu, mpaka habari ya mkasi. Nilimuuliza kwa nini anaandika habari ya gauni. Akasema kutishia nako ni kosa. Nililia kwa mara ya kwanza siku ile, na sikulia kwa uchungu.

Niliondoka Jumanne, saa 4 asubuhi, yeye yuko kazini. Sikuaga, sikuandika barua, sikumtishia kwamba naondoka. Hapo dada zangu nawaomba mno: usimtangazie. Mtu wa namna hii hatari yake inapanda pale anapoona anakupoteza. Tumeona kwa jirani zetu. Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, mwaka 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 mbio za wanawake pekee, na mwezi uliofuata akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, mumewe akashtakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024. Mapema Septemba, aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto, akafariki Eldoret. Baba yake alieleza kwamba taarifa zilikuwa zimeshafika polisi. Kwa hiyo wewe unayesema ukishapata biashara yako na pesa yako atakuheshimu, sikiliza: pesa inakupa nauli. Haikupi ngao.

Miezi ya baraza na mahakama sitaisimulia, ilikuwa ya kukaa kwenye mabenchi na kuahirishwa. Niliambiwa sitapata kitu kwa kuwa mali iko kwa jina lake. Msaidizi wa kisheria wa bure ndiye aliyenieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilipata kidogo. Kichwa cha cherehani nilikuwa nacho tayari.

Na nyinyi mama zetu, shangazi zetu, mnaorudisha mabinti na kuku wawili, nawaheshimu lakini nitasema. Mnajua. Mnasikia ukutani. Mnasema vumilia kwa sababu ninyi mlivumilia, na mnataka uvumilivu wenu uwe na maana. Mrudishaji akae akijua anachokirudisha ni mtoto. Nanyi wanaume mnaosoma mkisema "sio wote", sawa, basi wewe usiye hivyo ukamwambie rafiki yako, kwa sababu mimi hanisikii.

Siku hizi kazi yangu imenifanya nione zaidi ya ninavyotaka. Mteja akija Februari, Dar hii, joto la kukausha samaki, akaniambia mikono iwe mirefu na shingo ipande juu, mimi huwa sishangai mtindo. Nikizungusha futi mbavuni akashtuka, nalegeza. Simuulizi. Namwambia tu kwamba hapa dukani tunakunywa chai saa 10 jioni, akipenda akae.

Wewe wa Ijumaa sikujibu kwa simu, kwa kuwa sijui simu yako inashikwa na nani. Neno la bobini nimeshalitangaza hapa, usilitumie. Njoo kama mteja. Leta kitambaa chochote, hata mita moja ya satini ya kushonea foronya. Chumba cha vipimo kiko nyuma, pazia lake linafika chini, na kuna mlango unaotokea barabara ya pili.