Nguo hazikauki mpaka uwashe mashine ya kukaushia mara mbili? Kagua bomba la hewa

Pole, ndugu yangu. Umesema chujio unalisafisha kila mara, lakini nguo bado zinatoka na unyevu na mashine inachemka kupita kiasi. Mimi nalishuku bomba la kutolea hewa. Chujio halinasi nyuzi zote zinazotoka kwenye nguo. Zinazopenya hujikusanya bombani, hasa kwenye kona, na mvuke ukikosa njia unabaki humo humo na nguo.

Washa mashine, kisha toka nje uweke mkono pale hewa inapotokea. Ukisikia pumzi dhaifu, au kifuniko hakifunguki, pameziba. Zima, chomoa waya wa umeme, vuta mashine mbele, fungua bomba na ulisugue kwa brashi ndefu mwanzo hadi mwisho. Rudia walau mara moja kwa mwaka. Kama bomba lenyewe ni la plastiki, tafadhali sana, litoe leo hii uweke la chuma gumu, fupi na lenye kona chache. Nyuzi hizo hushika moto upesi mno, na plastiki nayo huungua. Wavu wa kuzuia ndege usiuweke kwenye tundu la nje, maana hunasa nyuzi.

Hukutaja kama mashine yako ni ya gesi. Ikiwa ndiyo, usiiwashe tena wala usiivute mwenyewe, mwite fundi. Bomba likiziba, gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi inaweza kurudi ndani, nayo haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.