Gongo la hoki la kaboni: kaka analifurahia, binti analia viganja

Dada wa Shangani, nimekuelewa. Gongo la hoki, yaani mpira wa magongo, la kaboni asilimia 90 ulilotumiwa, kaka mtu akipiga nalo mpira unakwenda kama risasi, ila binti wa miaka 13 mpira unamdunda na viganja vinamuuma.

Gongo halina kasoro. Kaboni, yaani nyuzi ngumu zinazoundia gongo, ikiwa nyingi hulifanya liwe kavu, halinesi, kwa hiyo nguvu ya mpigaji inaingia kwenye mpira. Mwenye mikono iliyokomaa hapo ndipo raha yake. Anayejifunza kutuliza mpira, ukavu uleule humrudishia mpira, na mtetemo unapanda mpaka viwikoni. Mimi nilianzia la namna hiyo Lindi, uwanja wa udongo. Mpira ukigonga kijiwe unaruka, unanipita. Nilipoazimwa la faibaglasi lenye kaboni kidogo, mpira ulitulia kwenye ncha iliyopinda ya gongo siku ileile.

Basi hilo mwachie kaka. Binti mtafutie lenye kaboni kidogo, na urefu umpime: likisimama kando yake, ncha ya mpini ifike usawa wa nyonga. Inchi 36.5 ni kipimo cha kawaida cha watu wazima, yeye huenda likamzidi.

Tena, kila wiki pitisha macho kwenye ncha iliyopinda, mchanga wetu unaila upesi. Ukiona ufa au nyuzi zimechomoza, lisichezewe. Zinachoma kama miba. Na maumivu ya kiwiko yakiendelea hata akipumzika, mpeleke hospitali, usimkandekande tu nyumbani.