Ukichora ng'ombe kando ya ziwa, anza na anga

Wachoraji wenzangu wa Mwanza, naona wengi tukichora malisho tunakimbilia ng'ombe kwanza, pembe mpaka kwato, anga inakuja kujazwa mwisho na bluu ya kwenye tyubu basi. Mi nafanya kinyume. Anga ndo inaamua hisia ya picha nzima, chukua kundi lile lile uliweke chini ya wingu zito la masika na uliweke chini ya anga nyeupe ya kiangazi yenye vumbi, utaona umepata picha mbili ambazo hazifanani kabisa.

Halafu ule mstari maji yanapokutana na anga, usiuweke katikati. Picha inakatika vipande viwili. Kama hisia iko angani ushushe, kama iko kwenye majani na mifugo upandishe.

Ng'ombe wapange wafunikane, mmoja nyuma ya mwenzake, na waelekee ndani ya picha, maana ng'ombe anayetazama nje anaondoka na macho ya mtazamaji.

Saa nayo ni muhimu jamani! Saa sita jua liko utosini, vivuli vinajificha chini ya matumbo ya ng'ombe, kila kitu kinakuwa bapa. Nenda Igombe au Kayenze, kule ufukweni mwa ziwa, saa kumi na moja jioni, mawe yanashika rangi ya chungwa, vivuli vinavuka majani virefu, na hapo mpangilio umeshapata nusu yake bila hata wewe kuhangaika.

Kijani ndo kinatusumbua wengi. Usikipake kilivyo, kitie njano ya udongo na nyekundu kidogo sana. Mchoraji Mwingereza John Constable kwenye picha yake The Hay Wain ya 1821, iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery pale London, kajaza miti na majani halafu akaweka nyekundu kidogo kwenye mavazi ya farasi wa mkokoteni, na kile kijani chote kikachangamka. Huku kwetu ndoo nyekundu ya mtu anayechota maji inatosha. Moja tu, nakusihi.

Visiwa vya mbali vipe bluu ya kijivu, usivichoree mti mmoja mmoja, ukifanya hivyo vitaonekana vimesogea mbele.

Na kama unatumia rangi ya akriliki, upepo wa ziwani unaikausha haraka mno, kwa hiyo changanya rangi ya anga yote kabla hujagusa turubai, ukiishiwa katikati hiyo rangi huipati tena.