Shika Kitambaa Kabla ya Kuuliza Bei

Watu wanaoniuliza nguo zangu nimezipata wapi hutarajia nitaje duka, na mara nyingi jibu langu huwakatisha tamaa. Vitu ninavyovipenda zaidi, viwe vya kuvaa, vya kujipamba au vya kutandika sebuleni, nilivipata kwa kuvishika, kuvikunja, kuvinusa na kuvigeuza upande wa nyuma kabla ya kutoa pesa, na ningeweza kuvipata katika duka lolote lenye mwuzaji anayevumilia mteja wa namna hiyo. Siku hizi tunanunua kwa jicho tu, tena jicho lenyewe linatazama picha ya simu iliyokwisha kung'arishwa, kisha tunashangaa gauni linapofika likiwa jembamba kiasi cha kuhitaji shimizi mbili ndani yake.

Nianze na kanga, kwa kuwa ndiyo iliyonizoesha kununua kwa mkono. Kanga mpya huja imepigwa wanga, ndiyo maana hukakamaa na kung'aa dukani, na wanga huo unaweza kuficha ufumaji hafifu. Mimi hushika kona moja na kuisugua kwa vidole vya mikono yote miwili kama mtu anayefua bila maji. Ikiwa unga mweupe unadondoka kwa wingi na ile kona inabaki legelege, na nikiiinua kuelekea mlangoni naona mwanga unapenya kati ya nyuzi, basi hiyo ni kanga ya kujifunga jikoni, wala sitaipeleka kwa fundi. Kanga iliyofumwa vizuri hulainika ikisuguliwa lakini haiachii. Baada ya hapo hutazama rangi upande wa ndani, kwani rangi iliyokolea upande mmoja na kupauka upande wa pili kwa kawaida imekaa juu juu, na haichukui muda mrefu kuchuja. Halafu hupima upana, maana zipo zinazopunjwa: kanga ya kawaida hufika karibu sentimita 150 kwa 110, na mwanamke mwenye mwili kama wangu akipunjwa hata sentimita kumi atatembea ameshika ubavuni siku nzima.

Jina la kanga mimi hulisoma mwisho, jambo linalowashangaza shangazi zangu, ambao huanza na jina na kusamehe mengine yote. Nakubaliana nao katika hali moja tu, nayo ni zawadi. Kanga ya kumpelekea mkwe au wifi isomwe jina lake mara mbili, na kwa sauti, mbele ya mtu mwingine mwenye akili za mafumbo, kwa sababu maneno unayoyaona ya upole yanaweza kupokelewa kwa namna ambayo hukuikusudia, na maelezo yako baadaye hayatasaidia chochote.

Nikiwa Mombasa hupitia Mtaa wa Biashara, kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, ambalo kanga zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Ninachokipenda kwao ni mpangilio wa pindo na mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga: michoro haisongamani, na nafasi tupu iliyoachwa huwa na kazi yake. Ile ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo tumezoea kuiona kwa maharusi, kwangu ndiyo ubunifu uliotulia kuliko kanga zote, na sioni kwa nini isubiri harusi. Nimeishonea sketi ndefu ambayo pindo lake linazunguka chini bila kukatika, na huivaa na blauzi nyeupe tupu, bila cheni wala bangili.

Kitenge kina tabia zake. Kitenge cha nta halisi hupakwa rangi pande zote mbili, hivyo ukikigeuza ni shida kusema upi ni wa mbele, na ndani ya michoro utaona mistari myembamba, isiyofuata utaratibu, mahali ambapo nta ilipasuka na rangi ikaingia. Kitenge cha kuchapwa kwa mashine huweza kuiga mistari hiyo, lakini ukitazama kwa makini utakuta mistari ileile inajirudia kila baada ya hatua fulani. Maandishi ya ukingoni peke yake si ushahidi, kwa kuwa ukingo huchapwa na yeyote. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, imekuwa ikifanya kazi hii tangu 1846, na vitenge vyake vina uzito ambao mkono ukishauzoea hausahau. Hata hivyo, sishauri mtu ajinyime ili anunue hicho kwa ajili ya gauni la kushindia nyumbani. Kitenge cha bei nafuu cha pamba tupu kinatosha kabisa kwa sketi ya marinda au shati la mikono mifupi, na kile kizito kibaki kwa mshono unaohitaji kusimama wenyewe, kama gauni la kubana lenye bega lililoinuliwa.

Kuna jambo la michoro ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuvaa. Kitenge chenye duara kubwa, ndege au taa huhitaji kitambaa cha ziada ili fundi aweze kulinganisha pande mbili za mshono na kuchagua mchoro uangukie wapi. Kitandike mbele yake, umwonyeshe kwa kidole. Usipofanya hivyo atakata kwa kubana kitambaa, na duara mbili zitakaa mahali ambapo kila mtu kanisani au harusini atalazimika kujifanya hazioni.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni namna ya kujua pamba halisi pale mwuzaji anapoapa kwa jina la Mungu kwamba kila kitu dukani kwake ni pamba. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, toka nao nje (tafadhali, nje), uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua upesi kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi, na harufu yake ni ya plastiki. Kitambaa kilichochanganywa hutoa vyote viwili. Sina chuki na poliesta, kwani haikunjamani na hukauka haraka wakati wa masika, lakini kwa joto la Dar es Salaam hunata mwilini na kushikilia harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa, na hakuna manukato yanayoweza kushindana na hali hiyo kuanzia saa nane mchana.

Mitumba nayo ina elimu yake, na nakiri wazi kwamba mashati yangu bora yametoka Karume, Ilala, kwenye meza za nguo za wanaume. Sababu ni rahisi: mashati ya kiume ya pamba nzito au kitani yanapatikana kwa wingi, na wanawake wenzangu hawayagombanii. Kanuni yangu ni bega. Mshono wa bega ukikaa mahali pake, fundi anaweza kupunguza ubavu, kufupisha mkono na kukata urefu kwa kazi ya saa moja, lakini bega likizidi, shati zima litabidi lifumuliwe, na gharama yake haina maana. Nikishapata bega, hugeuza shati ndani nje na kutazama makwapa, kola na mahali vifungo vilipoanzia, kisha hulipeleka kwenye jua, kwa sababu kivuli cha turubai la muuza mitumba huficha madoa. Zipu huifungua na kuifunga hadi mwisho. Nguo yenye zipu iliyokufa nitaichukua ikiwa kitambaa chake ni cha kipekee. Yenye kwapa lililoungua kwa jasho na dawa ya kuzuia jasho siichukui kwa bei yoyote.

Kuhusu fundi cherehani nitasema machache, ingawa kila mmoja wetu ana ya kusimulia. Fua kitambaa cha pamba kabla ya kukipeleka, ili kama kinanywea kinywee kikiwa bado ni kitambaa na siyo gauni lako. Mpelekee nguo inayokukaa vizuri aitumie kama kipimo pamoja na futi yake. Mwombe aache inchi moja ya ziada kwenye mishono ya ubavuni, maana miili yetu hubadilika na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Na kama nguo ni ya Idi au Krismasi, mtajie tarehe ya wiki mbili kabla, kisha uombe uvumilivu.

Katika urembo, mkono humwachia pua kazi kubwa. Hina nzuri ya unga hunukia majani makavu na ina ukijani wa wazi. Ukisikia harufu kali ya dawa ya nywele, hiyo ina nyongeza, hata kama pakiti imeandikwa ni ya asili. Hina safi haitoi weusi: ukiibandua huwa rangi ya chungwa, kisha hukolea taratibu kwa siku moja au mbili hadi kuwa ya kahawia nyekundu, na viganja na nyayo hushika zaidi kuliko mgongo wa mkono. Ule weusi wa papo hapo tunaouita piko hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD, ambayo inaweza kuleta malengelenge na kumwachia mtu mzio wa kudumu, kiasi kwamba hata kupaka nywele rangi baadaye kunakuwa hatari. Najua jinsi maua meusi yanavyopendeza kando ya hina nyekundu kwenye mkono wa bibi harusi. Mimi hujitosheleza na nyekundu peke yake, na huomba mchoro wenye nafasi tupu nyingi, kwa sababu zilezile zinazonifanya nipende kisutu.

Singo ndiyo anasa ninayoithamini kuliko krimu zote: waridi, asumini, langilangi, mpompia na liwa, vilivyotwangwa pamoja namna wanavyofanya Unguja na Pemba kwa maharusi. Hainipi ngozi ya rangi nyingine, wala sihitaji, na hapa nieleze msimamo wangu bila kuzunguka: mkorogo haumo katika orodha ya mambo ninayoyajadili kama upendeleo wa mtu binafsi. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi zinazotiwa humo, si mtindo, na krimu yoyote inayoahidi weupe ndani ya wiki moja bila kuandikwa viambato vyake irudishwe rafuni.

Udi huuchagua kwa kuunusa ukiwa haujawashwa, kisha juu ya kaa dogo. Ulionukia sukari na manukato makali ukiwa mkavu, mara nyingi juu ya moto hutoa moshi wa kukereketa koo baada ya muda mfupi. Mzuri huanza taratibu na hubadilika harufu kadiri unavyopata joto. Nguo za pamba huzifukiza usiku, zikiwa zimekauka kabisa, chetezo kikiwa mbali na pindo, maana cheche moja inatosha kutoboa doti nzima.

Nyumbani nimebakiza vitu vichache, na ninachokipenda kuliko vyote ni mkeka wa ukindu. Unapochagua, pindua utazame mahali kili, yaani ile mikanda ya ukindu iliyosukwa, zilipounganishwa, kwa sababu mkeka huanza kufa kwenye mshono kabla ya kwingine kote. Sugua sehemu zenye rangi kwa kitambaa kibichi ili ujue kama zitachafua nguo za wageni, na unuse katikati ya bunda lililokunjwa, kwani harufu ya uvundo haitoki. Ukishafika nyumbani uviringishe badala ya kuukunja, na ukilowa uuanike kivulini.

Najua baadhi ya wasomaji wako Muscat, London au Minneapolis na hawana namna ya kushika chochote kabla ya kulipa. Hao nawashauri wasimwombe mwuzaji picha nyingine, maana atatuma ileile. Mwombe video fupi, iliyopigwa mchana karibu na dirisha, akikunja kitambaa ndani ya ngumi na kukiachia, kisha akigeuza upande wa nyuma, kisha akionyesha ukingo na futi ikiwa imelazwa juu ya upana wake. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Wauzaji ninaowategemea Kariakoo huituma bila kuulizwa mara ya pili, na yule anayejibu kwa kuandika tu kwamba mali ni safi, dada, usiwe na wasiwasi, huwa namshukuru kwa heshima na kumtafuta mwingine.