Maswali ya Wasomaji: Masika ya Kusini Yana Wageni Wake

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika shule ya sekondari. Tumepanga kuwapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa Kitulo wakati wa likizo ya mwezi wa sita, kwa kuwa barabara huwa kavu. Mwenzangu aliyekulia Makete ananiambia kwamba nitawapeleka watoto kutazama nyasi. Je, ni kweli?
Mwalimu, Makambako

JIBU: Mwalimu, mwenzako amesema kweli, na ni vizuri amekuambia kabla hamjachangisha nauli.

Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ilianzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea, jambo ambalo si la kawaida kwa hifadhi zetu. Katika uwanda ule ulioinuka hadi mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari kumeorodheshwa aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na ndiyo maana wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Lakini bustani hiyo hufunguliwa na mvua, ambazo huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kiangazi kikifika, okidi hukauka kabisa sehemu ya juu na kubaki kama kiazi kidogo chini ya udongo, kikisubiri mvua za mwaka unaofuata. Kati ya Juni na Agosti mtakutana na baridi kali, ukungu, na asubuhi nyingine nyasi zilizogandishwa na sakitu. Mandhari ni mazuri, sikatai, ila si kile mnachokwenda kujifunza.

Ushauri wangu ni kwamba mhamishie safari kwenye likizo ya Desemba, wakati maua yameshaanza kuchanua. Kama mkuu wa shule atakubali kuwaachia siku mbili mwezi wa Februari, itakuwa bora zaidi. Wape wanafunzi kazi ya kutazama ua moja kwa makini badala ya kukimbilia kupiga picha uwanda mzima. Lipo, kwa mfano, ua lenye bua refu na kichwa kilichosongamana vijiua vyembamba kama njiti, chekundu juu na cha manjano chini. Mwanafunzi atakayeinama atagundua kwamba ni vijiua vilevile: vya chini vimeshafunguka na kugeuka manjano, vya juu bado ni vitumba vyekundu, kwa hiyo anaweza kukisia ua hilo limefika wapi katika maisha yake. Huko juu ya nyasi atamwona pia mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, ambaye huja nyanda hizi kuzaliana wakati wa mvua na kisha kuondoka kuelekea upande wa Uganda na Ziwa Victoria. Anayekwenda Julai hamkuti.

Waeleze pia wanafunzi kwa nini hairuhusiwi kuchimba mmea wowote. Viazi vya okidi hizo huliwa sana Zambia katika chakula kiitwacho chikanda, na kabla ya hifadhi kuanzishwa vilikuwa vikichimbwa katika nyanda zetu na kuvushwa mpakani kwa mamilioni kila mwaka. Tena anayechimba hung'oa mashina mengi ili apate kiazi kimoja kinachofaa, kwa sababu juu ya ardhi hakuna kinachomwonyesha kipi kimekomaa.

Kuhusu barabara, hofu yako ina msingi. Kuna njia ya Isyonje kwa wanaotoka Mbeya, na kuna ile ya Chimala inayopanda hadi Matamba kwa kona 57, ambayo kwenu Makambako ndiyo ya karibu. Wakati wa mvua msikodi basi la mjini kwa sababu tu ni la bei nafuu. Tafuteni gari lenye uwezo wa kupita kwenye utelezi, na dereva ambaye riziki yake ya kila siku ni njia ya Matamba. Pandeni mapema asubuhi, kwani mchana mawingu hushuka na mvua huanza. Viingilio ulizeni hifadhini mapema, kwa maana mwanafunzi hatozwi sawa na mtu mzima. Chakula nunueni Matamba. Viazi vya Makete havihitaji kusifiwa na mimi.

SWALI: Nina nyumba yenye vyumba viwili visivyotumika, karibu na msitu wa Mlima Rungwe. Vijana wa kijijini huwaongoza wageni mlimani, kisha wageni hao hurudi kulala Tukuyu na fedha zao. Nataka niwapokee kwangu, lakini sijui niwaonyeshe nini zaidi ya mlima, hasa mvua zinaponyesha, maana huku kwetu mvua haina mapumziko.
Mama mkulima, wilaya ya Rungwe

JIBU: Shikamoo, mama. Nianze na la kutofanya: usimwahidi mgeni kwamba atamwona kipunji. Kima huyu anajulikana na wazee wenu tangu zamani. Watafiti walianza kusikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005. Hukaa juu ya miti na ni mwoga, hivyo mara nyingi mgeni atakachopata ni ule mlio wake wa kubweka kwa mbali, na pengine mkia mrefu ukipotea kwenye majani. Mwambie hivyo kabla hajalipa. Mgeni aliyeambiwa ukweli husikia mlio akafurahi, bali aliyedanganywa husikia mlio uleule akadai fedha zake.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ni ya kupanda mlima na kwenda Ziwa Ngosi, kwa kuwa njia zimekauka kiasi. Kwa miezi ya mvua unacho kitu ambacho huenda hukithamini, nacho kipo kwenye ua wa shamba lako. Vinyonga wa milima ya Poroto na Rungwe, ambao dume lao lina pembe tatu usoni, hawapatikani kwingineko duniani. Usiku kinyonga aliyelala hupauka, na mwanga wa tochi ukimpiga huonekana kama jani jeupe juu ya tawi la kijani. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kumpata kwa urahisi kuliko mtafiti wa mchana. Najua wapo majirani watakaosema unaleta mkosi nyumbani, na hao utazungumza nao kwa busara yako. Lililo la lazima ni kwamba mgeni asimshike, asimhamishe, na asikushawishi kumuuzia, kwa maana kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa la jinai.

Mchana wa mvua mpeleke Daraja la Mungu akauone Mto Kiwira ukiwa umejaa, au akae jikoni mmenye ndizi pamoja. Kwa safari za msituni, msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali kipatikane kwanza. Kabla ya kumpokea mgeni wa kwanza, pita ofisi ya kijiji na halmashauri ujue taratibu za kulaza wageni. Bei ya kitanda, ya chakula na ya kijana anayeongoza iandike mbalimbali, ili kila mmoja alipwe chake bila manung'uniko.

SWALI: Nina likizo fupi Januari. Wenzangu wanasema Ruaha wakati huo haina wanyama. Niahirishe hadi Agosti?
Mwanafunzi wa chuo, Iringa

JIBU: Wanyama wapo, kijana, ila hawana sababu ya kukusubiri mtoni. Kiangazi maji hubaki sehemu chache, hivyo tembo, nyati na simba hukusanyika kando ya Ruaha Mkuu na kuonekana kwa urahisi. Mvua zikinyesha kila bonde lina maji, nyasi zinarefuka, nao hutawanyika. Ikiwa lengo lako ni simba, subiri Agosti. Ikiwa unapenda ndege, nenda Januari. Hifadhi hiyo ina aina zaidi ya 500, na mwezi huo wapo pia wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya, na mibuyu uliyozoea kuiona imekauka kama magogo huwa na majani. Agosti utakapokwenda, utazame mto wenyewe pia: tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji upande wa Usangu, na viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyosalia. Kutoka Iringa hadi langoni ni kilomita 130 hivi kupitia tarafa ya Idodi. Kama unaweza, lala kijijini njiani na uingie hifadhini alfajiri, kwa sababu saa sita mchana hata Agosti wanyama wengi wako kivulini.